Mapatano ya Leta na Watu: Kitambaa cha Ngombi na Mshahara wa Mwalimu

Katika masomo ya filosofia tulifundishwa sisi sote habari ya mapatano ya jamii. Tuliandika majina ya Hobbes, Locke na Rousseau katika daftari, tukajibu mtihani, halafu wengi wetu tukayaacha pale pale kama mambo ya Wazungu wa zamani. Tena walimu wetu walituonya, nao walikuwa na haki. Papa Leo XIII, katika barua yake Diuturnum illud ya mwaka 1881, alisema kwamba mapatano yale ni jambo la kubuni tu. Nani aliona siku ile watu walipotoka porini, wakakutana, wakaandikiana karatasi ya kuanzisha serikali?

Basi, tunataka kusema neno moja la kushangaza kidogo. Huko Ulaya karatasi ile haikuonekana kamwe. Kwetu Kongo ilionekana. Ina tarehe, ina majina ya vijiji, ina alama za wakubwa waliopatana. Tena kwa karatasi za namna ile mfalme Leopold II aliomba mataifa makubwa yakubali, katika miaka 1884 na 1885, kwamba shirika lake ni Leta yenye mamlaka juu ya inchi yetu. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua Leta ina deni gani kwa raia wake, juu ya shule, dawa, maji na njia, asianze na Paris wala London. Aanze na Ngombi na Mafela.

Lakini kwanza tuseme kwa ufupi wenye elimu wale walifundisha nini. Thomas Hobbes aliandika kitabu chake Leviathan mwaka 1651, wakati Uingereza ilipokuwa inatoka katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Aliona kwamba pasipo mtawala mwenye nguvu kila mtu humwogopa mwenzake. Basi watu hupatana kumwachia mtawala mamlaka yote kusudi wapate usalama. John Locke, ambaye kitabu chake kilitoka mwishoni mwa 1689, aliyawekea mapatano mpaka: mtawala amewekwa kulinda uhai, uhuru na mali ya watu, naye akivunja ahadi watu wanaweza kumwondoa. (Locke huyo huyo alikuwa na feza yake katika kampuni ya Waingereza iliyouza watumwa wa Afrika. Tunalitaja neno hili kusudi mtu asimsome kama mtakatifu.) Jean-Jacques Rousseau, mwaka 1762, alisema kwamba mamlaka ni ya watu wote pamoja, wala hawawezi kuiuza. Kitabu chake kilichomwa kwao Geneva, na Roma ikakitia katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa.

Mbele ya hao watatu alikuwako padri mmoja, na ajabu ni kwamba wanaseminari wengi humjua kwa metafizika yake tu. Ni Francisco Suárez, Myezuiti wa Hispania, aliyefundisha Coimbra katika inchi ya Ureno. Mwaka 1612 alitoa kitabu kikubwa juu ya sheria, na mwaka 1613 kitabu kingine cha kumjibu mfalme James I wa Uingereza. Mfalme huyo alidai kwamba amepokea mamlaka yake kwa Mungu moja kwa moja, na watu hawana neno la kusema. Suárez akajibu: ndiyo, mamlaka yote hutoka kwa Mungu, lakini Mungu hampi mtu mmoja, anaipa jamii nzima, nayo jamii, kwa kukubali kwake, huiweka mikononi mwa mtawala kwa ajili ya manufaa ya wote. James aliamuru kitabu kichomwe London, na mwaka 1614 kikachomwa Paris pia. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba fundisho la kukubali kwa watu lilizaliwa kwa wasioamini. Leo XIII alikataa mapatano yanayomfukuza Mungu mlangoni. Hakukataa kwamba watu waweza kuchagua nani atawale. Papa na Suárez hawasemi neno moja kabisa hapo, na wanafilosofia wetu wanaweza kubishana juu yake mpaka taa izimike.

Kuna jambo moja ambalo watu husahau wakimtaja Hobbes. Wanamwona kama mwalimu wa ukali tu. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba kazi ya mtawala si kuwaacha watu wazima wasife tu, ni kuwatafutia pia raha ya maisha wanayoweza kuipata kwa haki. Tena akasema kwamba wale wasioweza kufanya kazi, kama wazee na wagonjwa, wasiachwe mikononi mwa huruma ya jirani. Sheria ya inchi iwatunze. Hivyo hata mkali kupita wote alijua kwamba kutunza watu ni sehemu ya mapatano, si sadaka.

Sasa tufike Ngombi. Tarehe 1 Aprili 1884, wakubwa wa Ngombi na Mafela walitia alama zao chini ya karatasi iliyoandikwa na wajumbe wa shirika la Leopold II. Stanley mwenyewe, ambaye watu walimwita Bula Matari, aliichapisha katika kitabu chake cha 1885 juu ya Kongo, kwa hiyo hatusemi maneno ya uvumi. Wakubwa wale walitoa nini? Kwa hiari yao, ndivyo karatasi inavyosema, kwa ajili yao na ya warizi wao hata milele, walitoa mamlaka yote ya kutawala inchi yao. Walitoa njia na mito, na haki ya kutoza ushuru kwa wapitaji. Walitoa nyama za porini, samaki, madini na misitu. Tena waliahidi kusaidia kwa kazi ya mikono, au kwa namna nyingine, ujenzi wowote na safari yoyote ambayo shirika litataka kufanya katika inchi zile.

Na walipewa nini? Vitambaa vya zawadi siku ile, na baadaye kitambaa kimoja kwa mwezi kwa kila mkubwa aliyetia alama.

Hapo wasimulizi wengi hukunja karatasi. Wanasema: tazameni, Kongo iliuzwa kwa kitambaa! Ni kweli, na ni haya. Lakini karatasi haikwishia hapo. Chini ya habari ya kitambaa shirika nalo liliweka ahadi zake. Liliahidi kutowanyang'anya wenyeji shamba wanalolima au mahali wanapokaa, isipokuwa kwa kupatana nao. Liliahidi kuendeleza usitawi wa inchi ile kwa nguvu zake zote. Liliahidi kuwalinda wenyeji wake na zuluma yote. Basi, bei ya Kongo haikuwa kitambaa peke yake: ilikuwa kitambaa pamoja na usitawi wa watu. Kitambaa kilikuwa cha wakubwa, na usitawi ulikuwa wa wote.

Tuwaite wenye elimu wetu waisome karatasi hii. Hobbes angesema kwamba inafunga, hata kama wakubwa waliogopa bunduki, maana kwake yeye hata aliyemwahidi mnyang'anyi feza kusudi asiuawe amefungwa na ahadi yake. Locke angeitupa, kwani kwake nguvu isiyo ya haki haimpi mtu cheti cha kumiliki. Rousseau angeuliza: mtu anawezaje kuwatoa watoto ambao hawajazaliwa, hata milele? Hata kama mtu angeweza kujiuza mwenyewe, hawezi kumwuza mtoto wake. Na Suárez, tunavyomwelewa sisi, angeweka kidole mahali penyewe: mkubwa wa kijiji si mwenye mamlaka kama mtu alivyo mwenye mbuzi wake. Anaishika kwa ajili ya jamii. Kitu kilichowekwa mikononi mwako ukitunze, hukipeleki sokoni.

Sisi twawapa haki hao watatu wa nyuma. Lakini twaongeza neno. Kama karatasi ni ya uongo upande wa wauzaji, haiwi ya uongo upande wa mnunuzi. Aliyekwisha kuchukua mto, msitu na madini hawezi kugeuka na kusema kwamba ahadi aliyoiandika kwa mkono wake si kitu. Na deni la Leta halifi pamoja na mtawala. Leta huru ya Leopold iliwaachia Wabelgiji inchi mwaka 1908; Wabelgiji waliiachia Jamhuri mwaka 1960; mipaka ni ile ile kwa sehemu kubwa, na madini ni yale yale. Mwenye kurizi shamba hurizi na deni lake.

Namna ahadi ilivyovunjwa inajulikana, tutapita haraka. Tarehe 1 Julai 1885 Leta ilitangaza kwamba inchi tupu ni mali yake. Kila mkulima ajua kwamba shamba lililopumzishwa na msitu wa kuwinda si vitu visivyo na mwenyewe, lakini mbele ya Leta vilihesabiwa kuwa tupu. Mwaka 1891 meno ya tembo na mpira wa mwitu viliwekwa akiba kwa ajili ya Leta. (Mwaka ule ule Leo XIII alitoa Rerum novarum, akifundisha kwamba serikali inapaswa kuwaangalia zaidi walio zaifu.) Sheria ya 1903 iliruhusu kumlipisha mtu kodi ya kazi ya saa 40 kwa mwezi, lakini Tume ya Uchunguzi ya 1904-1905 ilikuta watu wanaomaliza karibu siku zao zote msituni wakitafuta mpira. Baada ya 1908 kodi ikawa ya feza, na tangu 1917 ikaongezwa kazi ya lazima ya kulima siku 60 kwa mwaka. Hivyo raia walizoea jambo moja: kulipa kwanza. Jina Bula Matari, mvunja mawe, likatoka kwa Stanley likakaa juu ya Leta yenyewe.

Je, wazee wetu hawakujua mapatano mengine? Walijua. Katika Bushi na Buhavu, hapa Kivu, kuna desturi ya kalinzi. Mtu alimpa mwami au mkubwa wa kilima ng'ombe au mbuzi, naye akapewa shamba la kulima, yeye na watoto wake baada yake. Kalinzi ilimfanya mtu wa mwami, na mwami akawa na wajibu kwake. Tusiipambe desturi hiyo kupita kiasi: walikuwako wakubwa waliomfukuza mtu shambani kwa chuki au kwa tamaa, na mwanamke hakuwa na neno kubwa ndani yake. Lakini aliyetoa mbuzi aliona shamba kwa macho yake. Mbele ya kodi ya Leta, mzee wa Bushi alikuwa na haki kuuliza shamba liko wapi.

Basi, shamba lilikuwa wapi? Hapa habari inatuingia sisi wenyewe, watu wa Eklezia. Tarehe 26 Mei 1906 Leta huru ya Kongo ilipatana na Kiti Kitakatifu: kila misioni ipewe hekta 100 au 200 za udongo, nayo misioni ifungue shule na kufundisha pia kilimo na kazi za mikono. Karibu na mwaka 1925 Wabelgiji walipanga kuzipa shule za misioni za Wakatoliki feza za msaada. Misioni za Waprotestanti zilingoja mpaka baada ya vita ya pili ya dunia. Kwa miaka mingi, mtoto wa Kongo aliyesoma alisoma kwa misioni. Padri wa kwanza wa Kongo katika wakati huu wetu, Stefano Kaoze, aliyepewa upadri Baudouinville mwaka 1917, alitoka katika shule hizo, na kwa muda mrefu seminari ilikuwa karibu njia ya pekee ya masomo makubwa. Twashukuru kwa hayo. Lakini tuone na upande wa pili. Udongo wa hekta zile ulitoka katika ile inchi "tupu" ya 1885. Na raia, akiona shule na dispensari vikishikwa na padri na masista, alizoea kufikiri kwamba Leta ni ya kodi na fimbo, na Eklezia ni ya daftari na dawa. Deni likaonekana kama huruma.

Mfano wazi kabisa ni ule wa Fonds du Bien-Être Indigène, mfuko wa usitawi wa wenyeji, uliofunguliwa mwaka 1947. Mfuko huo ulichimba visima, ukajenga dispensari na nyumba za kuzalia vijijini, na wazee wengi waliukumbuka kwa sifa. Feza zake zilitoka wapi? Sehemu kubwa zilikuwa feza ambazo Ubelgiji uliirudishia Kongo kwa gharama za vita ambazo Kongo ilikuwa imelipa. Nyingine zilitoka katika bahati nasibu ya koloni. Kwa hiyo mwanamke aliyeteka maji katika kisima kile aliambiwa ashukuru kwa zawadi, na kumbe alikuwa amelipwa sehemu ya deni.

Mwaka 1956 neno lilianza kugeuka. Tarehe 29 Juni maaskofu wa Kongo walisema wazi kwamba wenyeji wana haki ya kushiriki uongozi wa inchi yao, na siku zile zile gazeti Conscience africaine, ambalo padri Joseph Malula alikuwa karibu na vijana wake, lilitoa manifesto yake. Raia alianza kuhesabiwa kama mmoja wa wanaopatana. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960, na katiba ya Luluabourg, ya 1964, ilipigiwa kura na watu. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Novemba 1965, mapinduzi ya Mobutu yaliisimamisha. Tangu miaka hiyo watu wakaanza kutania juu ya "kifungu cha 15": jitafutie mwenyewe. Ni mzaha, lakini ni mzaha wa watu wanaojua kwamba upande mmoja wa mapatano haupo.

Mwisho wa 1974 Leta ilichukua shule zote za makanisa, na somo la dini likaondolewa. Haikuweza kuziongoza. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya mapatano mapya na makanisa: shule ni za Leta, Leta italipa walimu, makanisa yataziongoza. Mapatano hayo ni mazuri tukiyasoma. Shida ni neno lile la katikati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 feza ya zaire ilipoteza samani upesi, mshahara wa mwalimu ukawa si kitu, na masomo yakasimama kwa migomo mirefu. Hapo wazazi na viongozi wa shule zetu walipatana kwamba wazazi wamwongezee mwalimu kitu, kwa muda kidogo, mpaka Leta isimame tena.

Muda kidogo huo ulipita miaka 25. Kilichoitwa primi kikawa mshahara wenyewe. Tena sehemu ya feza za wazazi ilipanda ngazi, ikalisha ofisi za Leta, na ofisi za shule za makanisa pia. Hatuoni faida kuficha jambo ambalo kila mzazi alilijua. Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ile tunakumbuka asubuhi za jina kusomwa na mtoto kurudishwa nyumbani, wakati mwingine mtoto wa katekista. Je, viongozi wetu walikosa walipofungua mlango huo? Sisi twaona kwamba mwaka ule wa kwanza hawakuwa na njia nyingine, ila kuacha watoto barabarani. Lakini kila mwaka uliofuata ulihitaji swali, na swali halikuulizwa kwa nguvu ya kutosha. Mzazi alilipa kodi sokoni, akalipa mwalimu shuleni, na Leta ikabaki na jina la mwenye shule. Suárez angetaka kujua manufaa ya wote yalikuwa upande gani.

Katiba ya 18 Februari 2006, ambayo nayo ilipigiwa kura na raia, iliandika katika kifungu cha 43 kwamba masomo ya msingi katika shule za Leta ni ya lazima na ya bure. Kwa miaka 13 neno hilo lilikaa kwenye karatasi, kama ile ahadi ya usitawi ya 1884. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kulitimiza. Watoto walijaa mpaka wengine wakakaa chini, na mwaka 2020 Benki ya Dunia iliahidi dola milioni 800 kwa kazi hiyo. Lakini walimu wengi walikuwa hawamo katika orodha ya mishahara ya Leta, na wengine waliokuwamo walipoteza primi bila kupata kitu cha kulingana nayo. Mwaka 2021 walimu wa shule nyingi za Wakatoliki waligoma, na wazazi wengine wakaanza kunong'ona kwamba ni afazali kulipa tena.

Tunaelewa uchovu wao. Lakini tukikubali, tutakuwa tumeifuta kwa mkono wetu ile sehemu ya karatasi iliyokuwa ya watu wote, na kubaki na kitambaa cha wakubwa.

Kuna kazi moja ambayo wasomaji wa gazeti hili wanaweza kuisaidia. Katika parokia nyingi za zamani bado kuna madaftari ya misioni na hesabu za shule, na katika nyumba za wazee kuna karatasi za kodi na risiti za primi. Panya na mvua vinaziharibu kila mwaka. Mapadri na makatekista wanaozijua waziandike kwa taratibu: mwaka, kijiji, nani alilipa, alilipa kiasi gani, na kisima au darasa gani lilijengwa mwaka ule.